Hasara huja umeme ukirudi

NJIA PANDA
Na Joramu Kitundu, Misigiri

Huku kwetu Iramba, mkoani Singida, mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na kila mwaka upepo ndio unaoitangulia. Vumbi linanyanyuka, mabati yanaanza kulia, wauza mafuta ya alizeti pale njia panda ya Kiomboi wanakimbiza madumu yao kibandani, na kabla tone la kwanza halijadondoka umeme umeshaondoka. Kinachofuata kila mtu anakijua. Unatoka nje kuchungulia kwa jirani. Kwake kukiwa na taa, basi LUKU yako, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kwake kukiwa giza, unarudi ndani umefarijika, sijui kwa nini.

Giza tunaliweza. Sisi wengi tumesomea koroboi, na mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tuliuvuka. Ndiyo maana kila msimu wa dhoruba unapokaribia tunakimbilia kununua taa za kuchaji na tunajiona tumejiandaa. Mimi nasema tunajiandaa upande usiofaa. Friji, televisheni na redio zinazojaa kwenye meza za mafundi wetu kila Januari hazikuuawa na giza. Nyingi zimeuawa umeme ulipokuwa unarudi.

Tawi likigusa waya, laini inajizima ili isiungue. Laini nyingi zina vifaa vya kinga vinavyojaribu kuiwasha tena baada ya sekunde chache, kwa sababu mara nyingi tawi huwa limegusa na kuachia. Likiwa bado limelala juu ya waya, inazima tena, inajaribu tena. Hapo ndipo watoto wanapopiga kelele ya "umerudi!" na kukatishwa kabla hawajaimaliza. Kwa balbu huo ni mchezo mdogo. Kwa friji ni mateso: mota inayozimwa na kuwashwa ndani ya dakika moja inalazimishwa kuanza kazi huku gesi ndani yake bado ina mgandamizo. Inanguruma, inapata moto, na siku moja haingurumi tena.

Kuna baya zaidi, nalo ni kukatika kwa waya wa nyutro. Nyumba ya kawaida hupata volti 230 kutoka njia moja kati ya tatu zinazotoka kwenye transfoma, na nyutro ndiyo inayoshika mizani ya zote. Upepo ukiikata, nyumba zenye matumizi madogo zinaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 400. Taa zinang'aa kama za ukumbi wa harusi, watu wanashangilia, kisha inakuja harufu ya plastiki. Ukiona taa imezidi mwanga wake wa kila siku, usishangilie. Zima meni swichi, kisha toa taarifa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza upepo unapoanza ni kuchomoa plagi zote, na waya wa antena pia. Acha balbu moja tu ikusemee. Umeme ukirudi, ngoja robo saa nzima. Ukiona umetulia, rudisha kimoja kimoja, friji iwe ya mwisho. Mwenye uwezo anunue kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya plagi na soketi, kinachochelewesha umeme dakika chache. Bei yake hailingani hata kidogo na ya mota mpya. Na friji ikae imefungwa. Ikiachwa hivyo, chakula kinahimili kama saa nne. Friza iliyojaa hufika siku mbili. Lakini sisi kila baada ya nusu saa lazima tufungue kuangalia kama nyama imeharibika, na ndivyo tunavyoiharibu.

Halafu kuna radi. Nyumba nyingi huku, radi ikianza, kioo kinafunikwa kanga na aliyevaa nguo nyekundu anaambiwa abadilishe. Sina ugomvi na kanga juu ya kioo, haimdhuru mtu. Ugomvi wangu ni kwamba kioo kimefunikwa huku televisheni iko kwenye soketi, mtoto ameshika simu inayochajiwa, na nje ya ukuta nondo ya ethi iliyotakiwa kuzama ardhini yote imezama nusu.

Hili la ethi nalikazia kwa sababu Singida ni nchi ya mawe. Fundi anapiga nyundo, nondo inagonga mwamba, jua ni kali, mwenye nyumba yuko shambani. Wapo wanaohamisha shimo pembeni na kuanza upya, Mungu awabariki. Wapo pia wanaokata kipande kilichobaki kwa msumeno na kuondoka nacho. Udongo wetu mkavu haupitishi umeme vizuri hata nondo ikizama yote, ndiyo maana mafundi wa zamani walijaza chumvi na mkaa shimoni. Umeme wa vijijini tulifungiwa kwa shilingi 27,000, tukashukuru, na ni haki kushukuru. Lakini nyaya za ndani ya nyumba kila mtu alijitafutia fundi wake, na bei ya chini ilishinda. Nenda nyuma ya nyumba yako leo uiangalie hiyo nondo. Kama inatikisika kwa mkono, huna ethi, una pambo.

Wanaoumia kimyakimya kuliko wote ni wafugaji wa kuku. Mkoa huu jina lake linatembea nchi nzima kwa kuku wa kienyeji, na siku hizi vijana wengi wameacha kumtegemea tetea pekee, wana mashine za kutotolea. Mayai yanakaa humo siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Dhoruba ya saa nne siku ya tatu inaweza kusameheka. Dhoruba ya usiku kucha, mwenye mashine amelala, inampa trei za mayai yasiyofaa kuuzwa wala kuliwa. Wajanja hufunga mlango wa mashine wasiufungue ovyo, wanaifunika blanketi wakiacha nafasi ya hewa, na wanaweka chupa za maji ya moto kuzunguka trei. Ni kazi ya kukesha. Kwenye hesabu za hasara za taifa hutaiona popote.

Sasa niseme jambo ambalo halina mzaha. Baridi ya Juni na Julai huku si ya kuchezea, na upepo wa mvua za usiku nao unachoma. Umeme ukiondoka, jiko la mkaa linaingizwa chumbani, dirisha linafungwa, watoto wanalala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi. Februari 2021 dhoruba ya barafu ilipiga Texas kule Marekani, nyumba zaidi ya milioni nne na nusu zikakosa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, ila wamo waliokufa kwa sumu hiyo hiyo, wakijipasha joto kwa majiko, jenereta na magari yanayounguruma ndani ya gereji. Watu wenye mitambo ya gesi na visima vya mafuta chini ya miguu yao walikufa kifo tunachokijua sisi. Jiko la mkaa libaki nje. Jenereta pia, hata kama inaibiwa.

Na koroboi? Tangu serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, koroboi si taa ya maskini tena. Ninaowasifu ni wale wachache ambao umeme wa nguzo ulipofika hawakuuza sola zao. Wengi tuliziuza kwa bei ya kutupa, tukidhani zama zake zimepita. Paneli ndogo ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu, isiyounganishwa popote na nguzo, ndiyo akiba bora ya nyumba ya kijijini. Nayo ichomolewe radi ikianza.

Hayo ni majukumu yetu. Yapo yasiyo yetu.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, na yote ilikamilika 2025. Mkoa wetu unapitiwa na njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Hatuna haki tena ya kulia kwamba nchi haina umeme. Lakini Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Kilimanjaro alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu mwingi unapotea njiani ukisafirishwa kutoka kusini. Na Mei 4, 2024, siku kimbunga Hidaya kilipofika pwani, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani, sisi wa bara tusioiona bahari tukiwamo. Uzalishaji tumeumaliza, njia bado.

Njia inayotuhusu sisi ni ile ndogo, ya nguzo za miti zinazokatiza vijijini. Ni ndefu, na tawi moja katika kijiji kimoja linaweza kuzima vijiji vyote vilivyo mbele yake, mpaka mafundi waifuate kwa gari na kwa miguu, tope likiwa magotini. Siwalaumu wanaopanda nguzo usiku wa mvua. Ninacholalamikia ni ukimya. Mgao ulikuwa na ratiba; dhoruba haina, sawa, lakini mita za LUKU zina namba na umeme tunanunua kwa simu. Ujumbe mfupi wa "nguzo imeanguka, tegemeeni kesho mchana" ungemwezesha muuza nyama kuamua usiku ule ule kama auze kwa bei ya hasara au achemshe. Na aliyeunguliwa vifaa aandike malalamiko yake kwa mtoa huduma, asiporidhika aende EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akianzia kwa Baraza la Ushauri la watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mtu wa kawaida bure. Sisi tumezoea kulalamika gengeni.

Mwisho, miti. Mvua hazijaanza, matawi ni makavu, na kila kitongoji kina mtu mwenye mwarobaini au mkaratusi chini ya laini asiyetaka uguswe. Serikali za vijiji zikae naye sasa, na mafundi wa laini waitwe wakate wao, kwa sababu panga na waya wenye umeme havikai pamoja. Akiendelea kukataa, aandikwe jina kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, ili tawi lake likiangukia waya Januari, wenye mashine za vifaranga wajue mlango wa kubisha.