Usimtie buibui kwenye friji, washa flashi

Eti umgandishe buibui kwenye friji ndipo atulie umpige picha? Wacha hizo. Ukimkaribia mdudu, lazima ubane tundu la lenzi ili macho na miguu vyote vionekane. Mwanga unapungua, na akitikisika kidogo tu picha imeharibika. Flashi inamaliza hiyo shida: ukiipunguza nguvu, mmweko wake ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata akiruka, ananaswa. Ila usimmulike kavukavu, mgongo utang'aa kama sufuria. Kinga flashi kwa karatasi nyeupe.

Tena jua unayemgandisha. Kule Mbita kuna buibui mdogo, Evarcha culicivora, anayewinda mbu walioshiba damu. Mpige picha, umwache arudi kazini.