AMIN WA SINEMA ANAMFICHA AMIN WA KWELI

Kijana msomaji wetu, bila shaka umeshamwona Idi Amin kwenye banda la video. Jitu linatumbua macho, linafoka, linachinja. Mtafsiri anakoleza chumvi, banda zima linaangua kicheko, na wewe unatoka pale ukiamini umemjua dikteta. Sisi tunasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mkanda unaopendwa zaidi ni ule wa mwaka 1981, The Rise and Fall of Idi Amin, wa Sharad Patel wa Kenya. Mkenya Joseph Olita alifanana na Amin hadi watu wakatishika. Matukio makubwa yamo: mapinduzi ya Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, Entebbe. Tabia je? Amin anaonyeshwa akila nyama ya mtu, tuhuma ambayo haijapata kuthibitishwa. Kama mauaji ya maelfu ya Waganda hayakutosha kumchukiza mtazamaji, mpaka aongezewe na ulaji wa watu!

Mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland. Forest Whitaker alipata Oscar kwa kumwigiza Amin, na kwa haki kabisa, maana alituonyesha kitu ambacho Olita hakupewa nafasi ya kukionyesha: uchangamfu wa yule bwana, utani wake, namna alivyomfanya mtu ajione rafiki yake wa pekee, kisha uso ukabadilika ghafla. Lakini hadithi yenyewe imebebwa na daktari Mskoti, Nicholas Garrigan, ambaye hajapata kuishi duniani. Ni wa kubuni, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Kay, mke wa Amin, alikufa kweli mwaka 1974 na mwili wake ukakutwa umekatwakatwa. Sinema ikamzulia mapenzi na huyo Mskoti. Msiba wa Waganda umegeuzwa mkasa wa mzungu mmoja. Tena inaishia Entebbe, 1976. Kagera haimo, wala vijana wetu walioingia Kampala Aprili 1979.

Ukitaka Amin mwenyewe, tafuta mkanda wa Barbet Schroeder wa mwaka 1974. Hakuna mwigizaji. Ni Amin anayejipangia picha, anapiga kodiani, anacheka kutoka moyoni. Halafu tazama kikao cha mawaziri. Amin anazungumza, anazungumza, hamalizi. Mawaziri wazima, wasomi, wameinamisha vichwa wanaandika kila neno kama watoto wa darasa la pili. Hakuna anayekohoa. Anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Muda si mrefu Ondoga akaokotwa maiti katika mto Nile.

Hapo hapana damu wala kelele, na ndipo unapotakiwa kuogopa. Zile kalamu zinazokimbia kwenye karatasi ndizo zilizomweka Amin madarakani miaka minane. Zimwi la kwenye sinema linafanya kila kitu peke yake. Dikteta halisi ana wapambe, ana wapiga makofi, ana vyombo vya dola, ana nchi kubwa zinazomtambua. Uingereza ilimtambua Amin ndani ya wiki mbili tu za mapinduzi, huku Mwalimu Nyerere akikataa katakata.

Amin mwenyewe alijua nguvu ya picha kuliko sisi. Schroeder amesimulia kwamba alipokataa kukata vipande fulani, Amin aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda katika hoteli, akaizungushia askari, akawapa namba yake ya simu ili wambembeleze. Vipande vikakatwa. Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka.

Sasa tukuulize, mwanamageuzi: umemwona Benedicto Kiwanuka katika ile sinema ya Oscar? Hayumo. Kiwanuka alikuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, kiongozi wa upinzani aliyetiwa ndani na serikali ya Obote. Amin alipopindua, alimwachia huru pamoja na wafungwa wengine wa siasa, Kampala ikacheza barabarani, na mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu. Wapinzani wenzetu wakaona ukombozi umefika. Mkombozi mwenyewe alikuwa na tabasamu pana na utani mwingi.

Kisha Jaji Mkuu akaamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amekamatwa na askari kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Amin walimfuata Kiwanuka palepale Mahakama Kuu, mchana, wakamburuta mpaka kwenye gari. Mwili wake haujapatikana hadi leo, na hakuna mwigizaji aliyepewa Oscar kwa kumwigiza.