Mwalimu wa Braunsberg

Karl Weierstrass alikuwa Mjerumani, profesa wa hesabu katika chuo kikuu cha Berlin. Wenye elimu ya hesabu katika dunia nzima wanalijua jina lake. Lakini kabla ya kuitwa profesa alifundisha watoto katika shule za miji midogo, muda wa miaka kumi na minne. Wengi wanaosimulia maisha yake husikitika wakifika hapo. Husema: "Miaka ile ilipotea bure. Mtu mwenye akili kama ile, kumpa kazi ya kusahihisha mwandiko wa watoto!" Je, wasemavyo ni kweli? Tazameni kwanza mambo yenyewe.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1815 katika kijiji cha Ostenfelde, upande wa magharibi wa Ujerumani. Baba yake alikuwa karani wa serikali, na baadaye alifanya kazi ya kodi. Mama yake alikufa mwaka 1827. Katika shule ya Paderborn Karl alipata zawadi nyingi, kwa hiyo baba alimtakia kazi kubwa ya serikali. Mwaka 1834 alimpeleka Bonn asome sheria na mambo ya fedha. Lakini moyo wa kijana ulikuwa katika hesabu. Basi akafanya nini? Sheria hakusoma. Alicheza mchezo wa panga, alikunywa bia pamoja na wenzake, na vitabu vya hesabu alivisoma peke yake. Baada ya miaka minne alirudi nyumbani bila kufanya mtihani. Ilikuwa huzuni kubwa kwa baba, maana fedha zimekwisha na cheo hakuna. Mtu akitafuta miaka iliyopotea, aanze kuitafuta Bonn.

Rafiki mmoja wa jamaa aliwapa shauri: kijana aende Münster ajifunze ualimu. Akaenda mwaka 1839. Huko alikuwako profesa Gudermann, aliyefundisha jambo gumu sana la hesabu. Husimuliwa kwamba siku ya kwanza walikuja wanafunzi kumi na watatu, na baadaye akabaki Weierstrass peke yake. Mtihani ulipofika aliomba apewe swali gumu. Alilijibu hata Gudermann akamsifu kama mtu aliyegundua jambo jipya. Hata hivyo, mwaka 1841 alikuwa mwalimu wa shule kama walimu wengine wote.

Mwaka 1842 alipelekwa Deutsch-Krone, na mwaka 1848 Braunsberg. Miji hiyo siku hizi imo katika nchi ya Polandi. Alifundisha hesabu, lakini pia habari za mimea, jiografia, mwandiko mzuri na mazoezi ya viungo. Mchana alikuwa wa watoto, na usiku alikuwa wa kazi yake mwenyewe. Husimuliwa kwamba asubuhi moja huko Braunsberg darasa lake lilikuwa na makelele. Mkubwa wa shule akaenda kumtafuta chumbani kwake. Akamkuta ameketi mezani, taa inawaka bado, wala hakujua kwamba kumekucha.

Basi si haki kusema kwamba miaka ile ilikuwa mitamu. Hapakuwa na maktaba kubwa wala mtu wa kuzungumza naye habari za hesabu. Mwenyewe, alipokuwa mzee, aliikumbuka kama wakati wa uchovu na upweke. Tangu mwaka 1850 hivi alianza kushikwa na kizunguzungu kikali, na ugonjwa huo ulimsumbua miaka mingi. Tena shule ya Braunsberg ilikuwa na kitabu chake cha habari za kila mwaka. Katika kitabu cha mwaka 1848 na 1849 Weierstrass aliandika sehemu ya uvumbuzi wake. Nani alisoma? Hakuna. Wataalamu hawakufikiri kwamba kitu cha maana kinaweza kutoka katika kitabu cha shule ya mji mdogo.

Hapo ndipo penye kosa, na wanaosikitika hawalioni. Watoto wa Braunsberg hawakumzuia mwalimu wao asigundue kitu, maana alikuwa amekwisha kugundua. Waliomchelewesha ni wakubwa waliopima maneno kwa ukubwa wa mji yalikotoka. Maana mwaka 1854, mambo ya namna ile ile yalipochapwa katika gazeti mashuhuri la hesabu la Crelle, wote wakashangaa. Chuo kikuu cha Königsberg kilimpa cheo cha daktari kwa heshima, mwaka huo huo. Mwaka 1856 akaitwa Berlin, ana miaka arobaini. Akili yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Tena kuna neno la pili. Mwalimu wa watoto hawezi kusema, "Jambo hili ni wazi," kisha apite. Mtoto atauliza: "Kwa nini?" Inafaa kuanza chini, hatua kwa hatua. Na hiyo ndiyo sifa kubwa ya Weierstrass alipokuwa profesa. Wataalamu wengi wa zamani waliamini macho yao. Walichora mstari ubaoni, wakasema: mstari usiokatika unaweza kuwa na kona hapa na pale, lakini mahali pengine ni laini. Mwaka 1872 Weierstrass aliwaonyesha wataalamu wa Berlin, kwa namba tupu, mstari usiokatika hata kidogo, lakini hauna mahali palipo laini hata pamoja. Pote umevunjika, hata ukiutazama kwa karibu namna gani. Chaki haiwezi kuuchora. Wengine walichukizwa nao kabisa! Lakini hakuna aliyeweza kuukana, kwa sababu kila hatua ilikuwa imethibitishwa. Nani awezaye kusema kwamba desturi hiyo ya kuthibitisha kila hatua haikupata nguvu mbele ya madawati ya Deutsch-Krone?

Uvumilivu wake nao ulikuwa wa mwalimu wa shule. Mwishoni mwa mwaka 1861 aliugua sana. Aliporudi hakuweza tena kusimama ubaoni. Akafundisha ameketi kitini, na mwanafunzi mmoja akamwandikia ubaoni. Wanafunzi walitoka nchi nyingi. Yeye alichapisha vitabu vichache, lakini wao waliandika masomo yake katika madaftari, wakayanakili na kuyapeleka mbali.

Mwaka 1870 alimjia mwanamke Mrusi, Sofia Kovalevskaya, mwenye umri wa miaka ishirini. Chuo kikuu cha Berlin kilikataa asihudhurie masomo, kwa sababu ni mwanamke. Weierstrass alimpa kwanza maswali magumu ili amjaribu. Alipoona majibu, alikubali kumfundisha peke yake, nyumbani, muda wa miaka minne, masomo yale yale aliyowafundisha wanaume chuoni. Alikuwa mgonjwa, ana kazi nyingi, wala hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1874 Sofia alipata cheo cha daktari katika chuo kikuu cha Göttingen, na baadaye akawa profesa huko Stockholm.

Sofia alikufa mwaka 1891, naye mzee akazichoma barua zote alizokuwa ameandikiwa naye. Weierstrass hakuoa, aliishi na dada zake wawili. Miaka ya mwisho alikaa katika kiti cha magurudumu. Alikufa Berlin tarehe 19 Februari 1897, ana miaka 81.