Mkopo wa Vijana na Hedifoni Zenye Taa

Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Tangu irejee, vikundi vya vijana katika barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kerege, Zinga na mjini kwenyewe, vimekuwa vikiandika maandiko ya miradi, na katika maandiko hayo hazikosekani studio ya muziki na banda la michezo ya kompyuta. Andiko la namna hiyo likinifikia nilisome kabla halijapelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii, huanzia ukurasa wa bajeti.

Ukurasa huo hunisikitisha zaidi ya kunifurahisha. Hukuta humo kadi ya sauti inayosifiwa kwa kurekodi sampuli 192,000 kwa sekunde, amplifaya ya hedifoni, na hedifoni zenyewe, ambazo sifa yake kuu ni taa zinazobadilika rangi na maandishi ya 7.1 ubavuni. Kipengele cha chumba hakimo, wala cha fundi umeme. Fedha hizi ni za umma, na zitalipwa na vijana wasio na mshahara. Tukosoe basi orodha hiyo kwa uzito ule ule ambao tungekosoa orodha ya zabuni ya serikali.

Kadi ya sauti ina historia yake. Mwaka 1989, kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster, kompyuta za kawaida zilijua kulia kama saa ya kuamshia tu, na aliyetaka muziki hakuwa na budi kununua kadi. Zama hizo zimepita. Kompyuta mpakato ya leo, hata ile iliyokwishatumiwa Ulaya kabla ya kufika Kariakoo, ina kadi ndani yake inayotosha kabisa kwa kusikiliza na kwa kucheza. Ikiwa inavuma au tundu lake limelegea, kipande kidogo cha kuchomeka kwenye USB huimaliza shida hiyo kwa gharama ndogo.

Kadi ya nje huwa lazima pale tu kijana anapotaka kuingiza sauti: sauti ya mwimbaji, zeze, ngoma, gitaa. Hapo anahitaji kifaa chenye tundu la maikrofoni, chenye uwezo wa kutoa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa, na chenye programu-endeshi ya ASIO kwa wanaotumia Windows. Hilo la mwisho ndilo lisiloandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, nalo ndilo linaloamua kama mwimbaji atajisikia kwa wakati. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa takribani milisekunde 6, na sikio huvumilia. Programu-endeshi ikiwa mbovu, fungu hulazimika kukuzwa mara nane au zaidi, na mwimbaji hujisikia kama anayeitikiwa na mtu aliye chumba cha pili.

Ama ile namba 192,000, haina kazi hapa. Sikio changa la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyopanda. Sampuli 44,100 hubeba mitetemo hadi 22,050, na 48,000 ndicho kipimo kilichozoeleka kwa sauti za video. Anayelipia zaidi ya hapo katika studio yake ya kwanza awe na sababu, isipokuwa kama wasikilizaji wake ni popo.

Amplifaya ya hedifoni nayo ni somo la hesabu fupi. Kampuni ya Beyerdynamic ya Ujerumani huuza hedifoni zake za DT 770 Pro katika ukinzani tofauti: omu 32, omu 80 na omu 250. Ili kusukuma miliwati moja, hedifoni ya omu 32 huhitaji takribani volti 0.18, na ile ya omu 250 huhitaji volti 0.5, yaani karibu mara tatu. Simu au kompyuta mpakato hupata shida na hii ya pili, lakini huiendesha ya kwanza bila jasho. Anayenunua hedifoni za omu 32 kisha akaziongezea amplifaya amejinunulia, kwa fedha za mkopo, uwezo wa kujiumiza masikio. Kadi ya nje, kama ataihitaji, huja na amplifaya yake ndogo ndani. Kwa hiyo katika maandiko mengi kipengele hiki ningekifuta chote.

Hedifoni ndizo ninazozipigania, na hapa nitakawia kidogo.

Bagamoyo si mji wa kawaida katika jambo hili. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, na tamasha lake la kimataifa limekuwa likifanyika tangu miaka ya mwanzo ya chuo hicho. Hapa ndipo alipoishi na kufundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, ambaye mwaka 1996 alitoa albamu ya Chibite kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Muziki wa Kigogo una jambo ambalo kila mtengeneza biti wa Bagamoyo angepaswa kulijua. Ukipiga uzi wa zeze, ndani ya sauti moja huzaliwa sauti nyingine ndogo zinazopanda juu yake kwa namba kamili: mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Humo ndimo muziki huo ulimojifunza ngazi yake. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani nayo kwa takribani theluthi moja ya nusutoni. Masikio yaliyolelewa na kinanda huiita kosa, na programu ya kunyoosha sauti huisogeza bila kuuliza mtu. Ilimba nayo, pamoja na sauti ya vyuma vyake, ina mvumo mwembamba unaoizunguka kila noti, na mpigaji anautaka mvumo huo uwepo.

Sasa mpe kijana hedifoni zilizoongezwa besi kiwandani ili zifurahishe dukani. Besi nene hufunika sauti zilizo juu yake, na hii ni tabia ya sikio lenyewe, haiepukiki kwa kukaza macho. Mvumo wa ilimba utazama. Tofauti ya ile sauti ya saba haitamsumbua, kwa kuwa haisikii. Tena, kwa sababu masikioni mwake besi imejaa tele, ataipunguza katika kazi yake, na wimbo utakapofika kwenye spika za bajaji au daladala utakuwa mkavu kama kisamvu kisichotiwa nazi. Ataambiwa hajui kazi, na huenda anaijua vizuri. Chombo chake ndicho kilichomdanganya kila usiku kwa miezi sita.

Hedifoni za kazi ni zile zinazosema ukweli hata kama ukweli haupendezi. Mfano uliokwishakaa studio za dunia kwa muda mrefu ni Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, yenye omu 63 na isiyo na taa hata moja. Sisemi wote wanunue hiyo. Nasema kipimo kiwe cha namna hiyo: isiyopendelea besi, iliyofungwa pande zote ili maikrofoni isinase sauti inayovuja na jenereta ya jirani isiingie, na inayoweza kutengenezeka. Sharti hili la mwisho ni la kwetu zaidi kuliko la Wajerumani. Joto na jasho la pwani humenya ngozi bandia ya mito ya masikio mapema sana, na hewa ya chumvi hula vichwa vya waya. Hedifoni ambayo mito yake hutoka na kubadilishwa, na waya wake huchomoka, itaishi miaka. Nyingine zote ni za kutupwa.

Kwenye banda la michezo hoja inabadilika kidogo. Mchezaji hahitaji ukweli wa noti, anahitaji kujua adui anatokea wapi. Lakini mwanadamu ana masikio mawili, na ubongo humwambia mahali kwa kulinganisha nguvu ya sauti pande hizo mbili na tofauti ya muda, ambayo haizidi sana nusu ya milisekunde moja na ushei. Kazi hiyo hufanywa na mchezo wenyewe ukitoa sauti kwa njia mbili tu. Yale maandishi ya 7.1 kwa kawaida ni programu inayoiga, na mara nyingi hutia ukungu. Jambo la kuepuka ni Bluetooth. Ucheleweshaji wake mara nyingi hufika sehemu ya kumi ya sekunde na kupita, na risasi husikika baada ya mchezaji kufa. Kwa muziki ni balaa zaidi. Singeli inayokwenda midundo 240 kwa dakika ina robo sekunde tu kati ya mdundo na mdundo. Ukichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, umekaribia kupoteza mdundo mzima.

Nimesema kujiumiza masikio, na sikusema kwa mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chake ni rahisi kukikariri: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ukipanda hadi desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4. Mwaka 2025 shirika hilo pamoja na Umoja wa Mawasiliano ya Simu Duniani walitoa kiwango cha usikilizaji salama mahususi kwa michezo ya video. Fikiria kijana anayesimamia banda saa kumi kwa siku akiwa na hedifoni kichwani, au mtayarishaji anayefanya kazi usiku kucha kwa sauti ya juu ili kuishinda kelele ya baa ya mtaa. Usikivu uliopotea haurudi, na anayepoteza ni yule ambaye riziki yake yote imo masikioni. Hakuna fomu ya mkopo niliyoiona inayouliza juu ya hilo.

Fedha nyingine iende kwa fundi umeme. Ule mvumo wa chini unaowasumbua vijana wengi, na unaowafanya wakimbilie kununua kadi mpya, mara nyingi ni umeme wetu wa mitetemo 50 kwa sekunde unaojipenyeza kwa sababu nyumba haina waya wa ethi, au unao ukutani bila kufika ardhini. Fimbo ya ethi iliyopigwa vizuri hutibu kisichotibiwa na kadi yoyote.

Na kuhusu kununua: bidhaa bandia zipo, na jina kubwa ndilo linaloigwa kwanza. Nenda dukani na wimbo unaoujua kwa kila pumzi, usikilize kwa sauti ndogo, kwa sababu kwa sauti kubwa kila kitu hupendeza. Dai risiti ya EFD. Maneno ya kwamba mali ikishauzwa hairudishwi yasikunyamazishe. Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kushughulikia bidhaa bandia, na malalamiko bila risiti hayana miguu.

Lakini ni dhuluma kumwachia kijana mzigo wote wa maarifa. TaSUBa ina walimu wanaojua ilimba inavyopaswa kulia, na halmashauri ina afisa mwenye mhuri anayeidhinisha ankara ya vifaa asivyowahi kuvisikia. Kinachokosekana ni saa mbili za kuwakutanisha hawa wawili. Ningependekeza kila kikundi kinachoomba mkopo wa studio kipewe siku moja katika chumba kimoja chenye hedifoni nne au tano za aina tofauti, kisikilize kazi yake kwenye zote, kisha ndipo kiandike bajeti. Sera ya elimu ya sasa imefungua mkondo wa amali, na shule zitakazochagua muziki zitahitaji chumba hicho hicho. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii kupitia benki, ungekitumia pia.

Gharama yake haifikii ya maturubai, viti na spika za kukodi za siku moja ya mgeni rasmi. Madiwani watakapokaa kupitisha bajeti ijayo, nitapenda kuona ni yupi kati yao atakayeuliza kipengele hicho kiko ukurasa wa ngapi.