MSHINDI ASIYELIPWA

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Mei, wapenzi wa tenisi hugeuza macho yao kuelekea uwanja wa Roland Garros mjini Paris, ambako huchezwa mashindano makubwa ya Ufaransa juu ya udongo mwekundu wa matofali yaliyosagwa. Sisi leo twataka kuwarudisha wasomaji wetu katika mashindano ya mwaka 1968, kwa kuwa matokeo yake yawahusu wafanyakazi kuliko yanavyodhaniwa.

Mashindano hayo yalianza tarehe 27 Mei, nchi nzima ikiwa imesimama. Wafanyakazi wapatao milioni kumi walikuwa wamegoma. Treni hazikwenda, ndege hazikuruka, na petroli ilikuwa adimu. Siku hiyo hiyo, katika kiwanda cha magari cha Renault huko Billancourt, si mbali na uwanja huo, wafanyakazi waliyakataa mapatano ya ujira waliyoletewa na viongozi wa vyama vyao. Wachezaji wengine walifika Paris kwa njia ya barabara kutoka nchi jirani.

Kwa upande wa wanaume, Ken Rosewall wa Australia alimshinda mwenzake Rod Laver kwa seti 6-3, 6-1, 2-6, 6-2. Kwa wanawake, Nancy Richey wa Marekani alimtoa Billie Jean King katika nusu fainali, kisha akamshinda Ann Jones wa Uingereza kwa 5-7, 6-4, 6-1. Hayo yamo katika vitabu vya mchezo. Tuitazame sasa hesabu ya malipo.

Rosewall alipewa faranga 15,000. Zawadi ya bingwa wa kike ilikuwa faranga 5,000, na hata hizo Richey hakuzipata. Alikuwa bado ameandikishwa kuwa mchezaji wa ridhaa, na mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kupokea zawadi. Alichopewa ni posho ya kujikimu, dola 27 kwa siku.

Ridhaa! Neno zuri, lakini na tuulize ni nani aliyelitunga. Sheria ile ilitoka katika vilabu vya mabwana wenye mali, ambao kwao kucheza bila ujira kulikuwa ni fahari, maana chakula chao kilitoka kwingine. Rosewall alikuwa mwana wa muuza duka wa Sydney. Alishinda Paris mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 18. Alipokubali kulipwa, mwaka 1957, milango ya mashindano yote makubwa ilifungwa mbele yake kwa muda wa miaka 11. Kosa lake lilikuwa kutaka ujira wa kazi yake mchana kweupe. Wengine walipokea bahasha kwa siri, wakaendelea kuitwa watu wa ridhaa, na wenye viwanja wakaendelea kuuza tiketi.

Mwaka 1968 kufuli hilo lilifunguliwa, na Roland Garros ikawa ya kwanza kati ya yale mashindano manne makubwa kuwapokea wachezaji wa kulipwa. Lakini mwanamke aliwekewa theluthi ya fungu la mwanamume. Wako wasemao kwamba ni haki, kwa kuwa wanawake hucheza seti tatu na wanaume tano. Hatukubali. Mwanamume amalizaye fainali kwa seti tatu hakatwi hata senti moja. Basi zawadi haikuwa ikipimwa kwa saa, na hoja hiyo hukumbukwa tu anapotajwa mwanamke.

Ilipofika mwaka 2006 ndipo mabingwa wa uwanja ule, Rafael Nadal na Justine Henin, walipopokea zawadi sawa. Wachezaji wengine, wale watolewao mapema ambao fedha huwa na haja nazo zaidi, walingojeshwa mpaka mwaka 2007.