Mwani wa asili wa Zanzibar na hatima ya mbegu za wakulima

Mjadala wa zao la mwani Zanzibar kwa kawaida huanzia kwenye bei. Wananchi huuliza mkulima analipwa kiasi gani kwa kilo ya mwani mkavu, nani ananunua, na kiwanda cha kusarifu mwani cha Chamanangwe, Pemba, kitaongeza thamani kwa kiwango gani. Maswali hayo ni ya haki. Mwani umo miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni Visiwani, sambamba na utalii na karafuu, na takribani wakulima wanane kati ya kila kumi ni wanawake. Lipo, hata hivyo, swali linalotangulia hayo yote, nalo ni la mbegu.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, baada ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua njia. Mbegu zilizopandwa hazikuchumwa katika miamba ya Zanzibar, ingawa mwani wa jamii hiyohiyo ulikuwapo na kwa miaka mingi ulikusanywa na kuuzwa nje. Zililetwa kutoka Ufilipino kwa sababu zilikwisha kuchaguliwa huko kwa kasi ya ukuaji. Aina zilizoenea ni mbili: spinosamu, iliyo nyepesi kuilima, na kotonii, ambayo bei yake huwa juu zaidi.

Neno "mbegu" hapa lina maana ya pekee. Mkulima wa mwani hapandi punje kama apandavyo mahindi. Hukata kitawi kutoka katika mmea uliokomaa, hukifunga kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi, na baada ya wiki kadhaa huvuna na kubakiza vitawi vya msimu unaofuata. Hakuna dume wala jike katika mzunguko huo, wala mchanganyiko wa urithi. Kwa hiyo mashamba mengi ya leo ni mwendelezo wa vitawi vichache vilivyoshushwa pwani zaidi ya miaka 30 iliyopita. Zanzibar haiko peke yake katika hali hiyo, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba kotonii inayolimwa katika mabara mbalimbali ina asili moja iliyo finyu sana.

Athari yake ilionekana mapema. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii ilianza kufa katika maeneo mengi ya maji mafupi. Vitawi hupauka, huwa laini, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Hali hiyo wataalamu huiita aisi-aisi. Mwani mwingine mwembamba kama nyuzi huota juu ya zao na kulidhoofisha. Kisababishi kikubwa ni kupanda kwa joto la maji, na si sahihi kuubebesha ufinyu wa vinasaba lawama yote. Lakini mimea inapokuwa nakala ya mmea mmoja, joto linalouangusha mmoja huiangusha yote, na mkulima hapati hata kamba moja iliyostahimili ambayo angeweza kuanzia upya. Wengi walirudi kwenye spinosamu, na kipato chao kikashuka.

Hapo ndipo mwani wa asili unapopata uzito. Mwani wa mwituni wa Afrika Mashariki umethibitika kuwa tofauti kivinasaba na ule wa Asia. Umeishi katika maji haya kwa muda mrefu, na huzaliana pia kwa njia ya asili inayochanganya urithi. Kama ipo tabia ya kustahimili joto au magonjwa ya pwani hii, hapo ni mahali pa busara pa kuitafuta. Yawezekana hautakua kwa kasi ya mbegu ya kigeni, lakini kasi si kipimo pekee cha mbegu.

Tatizo ni kwamba hazina hiyo yenyewe inapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa mwani uliolimwa ulikuwa wa asili ya Asia na wenye tofauti ndogo ya vinasaba. Mwingine wa mwaka 2015 ulibaini kuwa vipande vinavyokatika mashambani vimeota katika makazi ya mwani wa asili, na aina ngeni zimechukua nafasi ya zile za wenyeji.

Hoja ya kuagiza mbegu mpya kutoka Asia husikika mara kwa mara, na inaeleweka, kwa kuwa mkulima anahitaji kitawi chenye afya msimu huu, si baada ya miaka kumi ya utafiti. Lakini shehena ya vitawi vibichi yaweza kubeba vimelea, na kila aina mpya itakayotoroka shambani itaongeza shinikizo kwa mwani wa asili uliosalia. Karantini na upimaji wa vinasaba kabla ya mbegu kuingia baharini ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara ya kotonii.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bioanuai, na mfumo wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2022 huko Montreal unazitaka nchi kulinda tofauti za vinasaba ndani ya spishi za porini na zinazofugwa au kulimwa. Kwa Zanzibar, sharti hilo linaanza na ramani ya mahali mwani wa asili ungalipo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa macho. Mwani wa asili na ule wa kigeni hufanana mno, kiasi kwamba mwamba uliojaa mwani waweza kuonekana salama ilhali wa asili umekwisha kutoweka. Ni maabara pekee inayoweza kuutambua, na sampuli zinapaswa kuchukuliwa kabla shehena nyingine ya mbegu haijawasili.