Kijana wa Gongoni, uliza hesabu!

KIJANA unayeshinda kijiweni Gongoni ukisubiri kibarua, leo tunasema na wewe.

Maji ya Mto Igombe, ambao bwawa lake limeinywesha Tabora kwa miaka mingi, huteremkia magharibi hadi ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Mwaka 2000 eneo hilo, lenye hekta milioni 3.25, lilikuwa la kwanza nchini kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Denmark ikatoa ruzuku ya kulihifadhi kupitia Danida.

Jiulize: ulipata kusomewa hesabu ya ruzuku hiyo katika mkutano wa mtaa? Unachokijua ni mgambo. Ukifyatua tofali au ukipanda mchicha kando ya mto, unasomewa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: mita 60, ondoka! Sheria hiyo ni nzuri. Lakini inayomkumbuka mlalahoi siku ya kufukuzwa tu, na kumsahau siku ya kugawa vibarua, ni nusu ya sheria.

Hatusemi wafadhili wafungiwe mlango. Tazama jirani zetu wa Shinyanga. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, ukapata fedha za Norway. Ulishika desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili, yaani malisho yanayofungwa hadi kiangazi. Wananchi wakawa ndio wenye miti na ndio wenye kanuni. Makadirio ya mwaka 2004 yalionyesha zaidi ya hekta 300,000 zimefufuka. Fedha zilitoka ugenini, mali ikabaki kwa wananchi. Hiyo ndiyo ruzuku. Ile inayoishia kwenye semina, posho na mashangingi ya vigogo ni ulaji.

Ibara ya 27 ya Katiba inakutaka ulinde maliasili. Utalindaje usichoonyeshwa? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu mwaka 2016, itumie. Ruzuku nyingine ikitangazwa, usibaki kijiweni kupiga soga. Nenda mkutanoni, simama, uliza matatu: ni shilingi ngapi, anazipokea nani, na vijana wangapi wa hapa watalipwa kupanda miti na kuzoa tope bwawani?

Wakinuna, uliza tena. Wakikuita mpinzani, itika, kisha uliza mara ya tatu. Anayekunywa maji ya mto ana haki ya kujua fedha za mto zimekwenda wapi.